Baridi ya Dodoma na Vifua vya Watoto Wetu

Zamani mwanachama wa chama hiki aliyekuwa na mtoto bara, aghalabu alikuwa naye Dar es Salaam, au Tanga, au Mombasa. Na hewa ya miji hiyo ni jamaa ya hewa yetu, yaani joto, unyevu na pepo za bahari. Siku hizi mambo yamegeuka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Uamuzi wa kuufanya mji ule kuwa makao makuu ya nchi, uliokatwa tangu mwaka 1973, ulianza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2016, wizara zikahama moja baada ya moja. Basi wako vijana wetu wengi huko, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, na wengine wamekwishaoa na kuzaa huko huko. Twawapelekea karafuu za chai, pweza mkavu na halua ya Wete. Habari ya baridi hatuwapelekei, kwa sababu sisi wenyewe hatuijui.

Sisi watatu tuliotumwa na chama kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, katika viwanja vya Nzuguni, Agosti 2024, tulikwenda kama watu wanaokwenda Chake Chake sokoni: mashati ya mikono mifupi, na kanzu moja kila mtu kwa ajili ya Ijumaa. Mchana hatukuona taabu. Jua la Dodoma ni kali kama letu. Lakini lilipokuchwa, upepo ukaanza kuvuma kutoka kusini mashariki, mkavu, umebeba vumbi jekundu, na kufika saa tatu ya usiku tulikuwa tumejifunika vitambaa vya meza tulivyochukua kwa ajili ya kutandazia karafuu. Asubuhi midomo ilikuwa imepasuka na pua zimekauka. Mmoja wetu alitoa damu puani, akadhani ana maradhi makubwa. Wenyeji wakacheka, wakampa mafuta ya kupaka.

Yafaa tueleze nchi yenyewe kwanza. Dodoma iko juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake haizidi sana milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Disemba na Aprili. Kisiwa cha Pemba hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Tangu Mei mpaka Oktoba huwa hakuna mvua, ardhi hukauka, na pepo zile zile za kusi ambazo kwetu hutuletea ubaridi mzuri wa kipupwe, kule hupuliza vumbi. Katika Juni, Julai na Agosti usiku hushuka hata nyuzi 13 au 14 za joto. Kwetu usiku wa baridi kabisa haufiki huko. Mtoto aliyezaliwa Mkoani au Micheweni, akapelekwa kule akiwa na nguo zake za Mkoani, huwa ameingia katika nchi nyingine bila ya silaha.

Vumbi lenyewe lina historia yake. Upande wa Kondoa, kaskazini ya Dodoma, ardhi ilikuwa imemomonyoka kwa wingi wa mifugo na ukataji wa miti hata Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi. Majani na miti ilirudi. Sisi wa mikarafuu tunaolalamika kila mti mkongwe ukianguka, tungefaidika kwenda kuona nchi inakuwaje miti ikisha.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Tulifikia katika nyumba ya kijana wa mwanachama mwenzetu, mtu wa upande wa Wete, aliyeajiriwa serikalini. Yeye na mkewe wana mtoto mmoja, wakati ule wa miezi tisa. Tulipoingia siku ya kwanza mtoto alikuwa na mafua na kikohozi, na hakuna aliyeshtuka, maana nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Siku ya pili alikataa uji. Siku ya tatu usiku tulimkuta mama amempakata karibu na seredani yenye makaa mekundu, madirisha yote yamefungwa na matambara yamesokotwa chini ya mlango, na chumba kina joto kama tanuri. Bibi yake kutoka Pemba alikuwa kwenye simu.

"Mpakeni mafuta ya karafuu kifuani," alisema bibi, "na mtieni matone mawili matatu katika maziwa. Baba yake nilimlea hivyo hivyo."

"Sawa, mama," alijibu mkwe wake, "lakini jirani anasema ni kimeo. Amekwisha mwita fundi, atakuja asubuhi kumkata."

"Basi akatwe," akasema bibi. "Na mafuta mpakeni."

Mmoja wetu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia yake, aliomba ruhusa ya kumtazama mtoto. Alimfunua nguo ya kifua, akaweka simu yake mbele kwa ajili ya saa, akanyamaza. Sote tukanyamaza. Baada ya dakika moja kamili akasema: "Sitini na nne." Halafu akatuonyesha mahali chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, pale chini ya kifua palibonyea ndani badala ya kutoka nje. "Huyu hangoji asubuhi," akasema.

Kulikuwa na ubishi kidogo. Baba alisema kituo cha afya kiko mbali na usiku umeingia. Mama alisema wangojee kwanza fundi wa kimeo, kwani amekwisha pokea nusu ya malipo. Hatukulazimisha, sisi tulikuwa wageni. Lakini mwenzetu alimshika baba mkono, akamwambia ahesabu yeye mwenyewe. Akahesabu, akapata sitini na mbili. Akasimama kutafuta gari.

Kituoni walimbana mtoto kidole kwa kile kifaa kidogo kinachopima hewa safi katika damu, kikasoma 86. Inapokuwa chini ya 90 mtoto huwekwa kwenye oksijeni. Aliwekwa oksijeni, akachomwa sindano, akalazwa siku nne. Daktari aliyekuwa zamu alituambia ni nimonia, ambayo wazee wetu waliita kichomi, na ya kwamba lau angengojewa mpaka fundi aje, amkate, kisha damu itoke, angeletwa katika hali nyingine kabisa. Hakusema hali gani. Hatukumwuliza.

Kwa hiyo jambo kubwa tunalotaka kila mwanachama alijue, akiwa na mtoto Dodoma au akiwa naye hapa hapa nyumbani, ni namna ya kuhesabu pumzi. Kazi hii haitaki daktari wala chombo. Yataka saa na utulivu. Mtoto asiwe analia wala ananyonya. Akiwa analia, ngoja anyamaze, au ahesabiwe akiwa amelala. Mfunue kifua na tumbo. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima; usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa kuwa pumzi za watoto hazendi sawasawa. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili mpaka kumi na miwili, mpaka wake ni 50. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40. Mtoto anayekohoa na kufikia hesabu hiyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Na yule mchanga wa chini ya miezi miwili asingojewe hata saa moja.

Ziko na dalili nyingine ambazo hazitaki hesabu. Kifua kubonyea ndani, kama tulivyoona. Mtoto kushindwa kunyonya au kunywa. Kutapika kila kitu. Degedege. Kulegea na kulala usingizi usiokuwa wa kawaida, hata ukimwamsha haamki vizuri. Kukoroma anapovuta pumzi ingawa ametulia. Moja tu kati ya hizi yatosha kumpeleka mbio, hata kama hana homa. Maana watoto wengine, khasa wachanga na wale dhaifu, huwa na nimonia na mwili haupati moto.

Nimonia ikigunduliwa mapema, nyingi huponywa kwa vidonge vya amoksilini, vile vinavyoyeyushwa katika maji kidogo, ambavyo mtoto humeza kwa siku chache nyumbani kwao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2019 nimonia iliwaua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na hiyo ni sehemu 14 katika kila mia ya vifo vyote vya umri huo. Dawa ipo na si ghali. Wengi kati ya hao walichelewa tu.

Wanachama watauliza: je, ni baridi iliyomtia mtoto yule maradhi? Sivyo hasa. Mafua na homa ya mafua huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Nimonia huletwa na virusi au bakteria. Baridi huwasaidia kwa njia ya pembeni. Watu hujifungia ndani, wakalala wengi katika chumba kimoja, wakafunga madirisha, na aliye na mafua akawapa wote. Hewa kavu nayo hukausha utando wa pua ambao ndio mlinzi wa kwanza wa mwili. Na kubwa kuliko yote, watu huingiza moto ndani.

Juu ya moto huo twaomba radhi tuseme kwa urefu kidogo. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walijenga tembe: nyumba ya chini, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua, na usiku ndama na mbuzi wakiingizwa katika sehemu yao. Ni nyumba ya akili sana kwa nchi yenye baridi ya usiku na joto la mchana, maana udongo hutunza joto. Lakini madirisha yake yalikuwa tundu ndogo, na jiko lilikuwa ndani. Mjini Dodoma tembe sasa ni chache, nyumba ni za tofali na bati, lakini desturi ya moto wa ndani imehamia katika nyumba za tofali. Na vijana wetu, ambao kwao jiko liko uani na hawajapata kuota moto maishani mwao, huiga kwa wenyeji bila ya kujua hatari yake. Wenyeji wenyewe wakati mwingine huacha mlango wazi kidogo. Wageni hufunga kila kitu.

Moshi wa kuni na makaa huwa na vumbi laini linaloshuka mpaka ndani ya mapafu, likaudhoofisha utando ule ule tuliousema. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majiko majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na mtoto anayekaa katika moshi hatari yake ya kupata maradhi ya mapafu huwa karibu mara mbili ya mwenzake. Mama akipika huku amembeba mtoto mgongoni, mtoto hupumua kila anachopumua mama, na mapafu yake ni madogo. Serikali ya Muungano ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukiwa na shabaha ya kufikia watu 80 katika kila mia ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni njema. Mpaka hapo, yule asiyekuwa na uwezo wa gesi anaweza kupikia nje, au kutoboa dirisha la pili mkabala na la kwanza ili moshi upite, au kukausha kuni zake vizuri kabla ya kuziwasha, na kumweka mtoto chumba kingine wakati wa kupika.

Lakini seredani ya makaa katika chumba cha kulala kilichofungwa ni jambo jingine kabisa. Makaa mekundu hayatoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hutoa gesi ya sumu isiyokuwa na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu huhisi kichwa kinauma, akadhani ni usingizi, akalala, asiamke. Wazazi wenye watoto vyuoni wawapigie simu leo juu ya jambo hili, wasingoje kipupwe. Blanketi zito, sweta, soksi na kofia ya mtoto ni gharama ndogo, na katika masoko ya Dodoma mitumba ya sufi ni mingi. Sisi wenyewe tulinunua.

Chanjo ndiyo kinga ambayo wazee wetu hawakuipata. Mwaka 2009 nchi yetu ilianza kutoa chanjo moja yenye kinga tano, na ndani yake iko kinga ya Hib, bakteria mmoja mkubwa wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwanzoni mwa 2013 ikaongezwa PCV13 dhidi ya bakteria wa nyumokokasi. Zote hutolewa mtoto anapotimiza wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na ina haki ya kutajwa hapa kwa sababu surua hufuatwa na nimonia mara nyingi. Mtoto yule wa Dodoma alikuwa amepata sindano ya kwanza Pemba, kisha jamaa wakahama na kadi ya kliniki ikabaki kabatini kwa bibi. Wiki ya kumi ikapita, ya kumi na nne ikapita. Hatusemi chanjo ingezuia ugonjwa wake. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mtoto mmoja. Lakini anayehama na achukue kadi, na aliyeipoteza aende kliniki vivyo hivyo, watamwandikia nyingine.

Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na kuendelea kunyonya baadaye, pia ni kinga. Hili wake zetu walijua kabla ya daktari.

Tumefika kwenye mafuta ya karafuu, na hapa twajua tutawaudhi baadhi ya wanachama. Sisi ni watu wa karafuu. Tumelelewa na karafuu, na chai ya karafuu na tangawizi kwa mtu mzima mwenye mafua ni kitu kizuri, hatuna neno nayo. Lakini mafuta ya karafuu si karafuu. Kila mwanachama aliyepeleka makonyo yake kiwandani Wawi anajua mzigo wa makonyo unaoingia ni mkubwa namna gani na mafuta yanayotoka ni kidogo namna gani. Nguvu yote imekusanywa humo. Sehemu yake kubwa ni dawa iitwayo yujenoli, ambayo kwa kiasi kidogo hupoza jino linalouma, na kwa kiasi kikubwa ni sumu ya ini. Jarida la madaktari wa watoto la Uingereza lilieleza mwaka 1993 habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 mpaka 10 tu za mafuta haya, yaani kijiko kimoja cha chai au viwili: alizimia, akapata degedege, na ini lake likaumia vibaya. Aliokolewa kwa shida. Basi mafuta haya yasitiwe katika maziwa ya mtoto, hata matone. Yasipakwe puani mwake wala kifuani yakiwa makali. Na chupa, ambayo katika nyumba zetu nyingi husimama dirishani karibu na mafuta ya taa, ipandishwe juu. Bibi wa Wete hakufanya kosa la ujinga, alifanya alivyofanyiwa. Matone mawili hayakumdhuru baba, na Mwenyezi Mungu alimlinda. Ila mkono wa usiku hauhesabu matone vizuri.

Asali pia isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka; baada ya hapo kijiko kimoja usiku hutuliza kikohozi, pengine kuliko dawa nyingi za chupa zinazouzwa madukani. Na kumfukiza mtoto kwa sufuria ya maji ya moto chini ya shuka tusifanye. Sufuria hupinduka, na mtoto akaungua juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Puani mwake yatosha maji ya chumvi kidogo, matone, na kitambaa safi.

Kimeo kimekatwa pwani na bara kwa vizazi vingi. Wanaokata husema kimeo kirefu ndicho kinachokwaruza koo na kuleta kikohozi. Ukimtazama mtoto yeyote anayekohoa utakikuta kimevimba kidogo na chekundu, kwa kuwa koo lote limevimba. Ni sawa na kumshika mtu aliyekuja kutazama moto ukasema ndiye aliyewasha nyumba. Kukikata hakuponyi mapafu. Huleta damu, na damu ya mtoto wa miezi tisa si nyingi. Huleta uchafu wa kisu. Na zaidi ya yote hula siku mbili au tatu ambazo nimonia haikuwa na haki ya kuzipata. Fundi yule wa Dodoma, tuliambiwa, alikuja asubuhi kama alivyoahidi, akakuta mlango umefungwa. Nusu ya malipo hakurudisha.

Watu wazima nao wasijisahau. Wazee, wajawazito, na wenye pumu au kisukari huumizwa zaidi na homa ya mafua. Mwenye pumu anayekwenda nyanda za kati achukue dawa yake ya kuvuta ya kutosha safari nzima, maana vumbi la kule litamtafuta. Ni yule yule ambaye hapa kwetu asingefaa kupepeta karafuu kavu bila ya kitambaa puani. Na kikohozi chochote kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hapa au kule, bila ya kuona haya.

Jambo la mwisho ni safari yenyewe. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Miaka michache baadaye, katika vita vya kwanza, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo kwa wapagazi, kisha mvua ikakosa. Ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Na mwisho wa 1918, watu wakiwa katika hali hiyo, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima kwa meli na treni. Iliwakuta hawana chakula wala nguvu. Leo treni mpya ya umeme, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, hutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa saa nne hivi. Mtu anaweza kukohoa juu ya boti asubuhi na kukohoa katika sebule ya mwanawe Dodoma usiku huo huo. Sisi tulisafiri siku chache baada ya uzinduzi, na twaungama: yule mwenzetu aliyetoa damu puani alikuwa na mafua tangu bandarini, akambusu mtoto mara tu alipoingia. Mtoto alikuwa amekwishaanza kukohoa, kwa hiyo hatuwezi kujitwisha lawama yote, lakini tangu hapo tunaosha mikono kwanza, tunakohoa katika kiwiko, na mwenye mafua kati yetu huvaa barakoa na kumsalimu mtoto kwa mbali. Akina mama wengine huona ni kiburi. Tumewazoea.

Mjukuu yule alikuja Pemba na wazazi wake kwa Iddi iliyofuata, mzima, anatambaa kila mahali. Bibi yake alitupokea kwa maneno makali kidogo juu ya mafuta ya karafuu, kisha akatutilia chai. Tulipokuwa tunaondoka tulimkuta barazani, amemlaza mtoto wa jirani mapajani, simu iko mbele yake, midomo inahesabu. Mtoto hakuwa anaumwa.

Hesabu tulizozitaja, 60, 50 na 40, pamoja na dalili za hatari, zimeandikwa kwa herufi kubwa katika kipande cha karatasi ngumu cha kutundika ukutani. Mwanachama anayetaka chake, au cha kumpelekea mwanawe Dodoma, amwone katibu wa tawi lake siku ya mkutano. Hakuna malipo.